Pointi 59 za Hamburg: tunavyousoma vibaya msimu uliowarudisha Bundesliga

Habari za mwaka 2025 za Yussuf Poulsen, mshambuliaji wa Denmark, kuhamia Hamburger SV ya Ujerumani (Hamburg) na kuvishwa kitambaa cha unahodha zilipokewa hapa kwetu kwa sauti mbili. Wapo waliofurahi, kwa sababu baba yake alikuwa Mtanzania na wengi bado tunamkumbuka kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na jina la Yurary, la marehemu baba yake, mgongoni mwa jezi ya Denmark. Wapo pia waliosikitika. Kijiweni kwetu mzee mmoja anayefuatilia soka la Ujerumani tangu enzi za redio alitikisa kichwa na kusema kijana amekwisha, miaka 12 Leipzig halafu anakwenda kumalizia mpira kwenye timu iliyotoka daraja la pili juzi tu. Nilimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, hiyo timu iliyotoka daraja la pili juzi ni bingwa wa Ulaya wa 1983." Nilipofika nyumbani nikaona kuwa jibu langu lilikuwa na kosa lile lile la kwake. Yeye aliipima Hamburg kwa daraja ilikotoka, mimi nikaipima kwa kombe la zaidi ya miaka 40 iliyopita. Hakuna kati yetu aliyeutazama msimu wenyewe.

Ninachodai ni hiki. Hamburg haikupanda daraja Mei 2025 kwa sababu ilikuwa bora kuliko ilivyokuwa katika misimu sita iliyotangulia, wala haikupanda kwa uzito wa jina lake. Ilipanda kwa sababu ilikaa mlangoni miaka saba mfululizo bila kuanguka, na mlango ulipolegea, yenyewe ilikuwa imesimama pale pale. Wanaoiita misimu ile sita kuwa ya kushindwa na huu wa saba kuwa wa kufufuka wanatenganisha vitu ambavyo, ukitazama msimamo wa ligi, ni kitu kimoja.

Kwa asiyeifahamu vizuri ligi hiyo, daraja la pili la Ujerumani lina timu 18, kila moja inacheza mechi 34. Mbili za juu zinapanda moja kwa moja. Ya tatu inakwenda kwenye mchujo wa mechi mbili, nyumbani na ugenini, dhidi ya timu iliyomaliza nafasi ya 16 Bundesliga, yaani daraja la kwanza. Hamburg iliingia humo Mei 12, 2018, siku ambayo iliifunga Borussia Mönchengladbach 2-1 na bado ikashuka, kwa sababu Wolfsburg, waliyokuwa wakigombea nayo kutoshuka, nayo ilishinda. Mpaka siku hiyo ilikuwa timu pekee iliyocheza kila msimu wa Bundesliga tangu ligi ianzishwe mwaka 1963, na uwanjani kwao palikuwa na saa kubwa iliyohesabu miaka, siku, saa na dakika za kukaa daraja la kwanza. Saa ile iligota kwenye miaka 54 na siku 261. Wengi waliamini ni suala la msimu mmoja tu, kwamba timu yenye uwanja wa watu 57,000 na mataji sita ya Ujerumani isingeweza kukaa huko chini zaidi ya mwaka.

Sasa tuzitazame pointi, maana ndizo zilizonifanya niandike. Msimu wa kwanza huko chini Hamburg ilipata pointi 56 na kumaliza ya nne. Wa pili ikapata 54, ya nne tena. Wa tatu 58, ya nne. Wa nne 60, ya tatu. Wa tano 66, ya tatu. Wa sita 58, ya nne. Wa saba ikapata 59, ikawa ya pili na ikapanda. Ukijumlisha zote na kugawa kwa saba unapata wastani wa takriban 58.7. Maana yake ni kwamba msimu uliowapandisha ulikuwa msimu wao wa kawaida kabisa. Timu ya 2022/23 iliyopata pointi 66 iliishia kulia, kwa sababu Heidenheim na Darmstadt zilipata 67 kila moja. Timu ya 2024/25 yenye pointi saba pungufu ilibebwa mabegani na mashabiki, kwa sababu Köln ilichukua ubingwa kwa pointi 61 tu na Elversberg ikabaki na 58. Mwaka mmoja nyuma, St. Pauli, majirani wa mji ule ule, walipanda kwa pointi 69 na Holstein Kiel kwa 68. Kwa pointi 59 mwaka huo usingekaribia hata nafasi ya mchujo.

Hapa ndipo baadhi ya wachambuzi wanaporuka haraka na kusema basi ni bahati, ligi ilikuwa dhaifu. Hoja hiyo ina nguvu na sitaipuuza. Ni kweli kwamba safari hii kiwango kilichohitajika kilishuka, na Hamburg haikukishusha yenyewe. Ni kweli pia kwamba Aprili, wakati timu nyingine ingekuwa inakimbia kuelekea mstari wa mwisho, Hamburg ilifungwa nyumbani 4-2 na Braunschweig iliyokuwa inapigania kutoshuka, kisha ikafungwa tena nyumbani 2-1 na Karlsruhe. Katika mwaka mwingine vipigo hivyo viwili vingewaacha nje. Na baada ya kupanda, siku ya mwisho kabisa, walifungwa 3-2 kwa Greuther Fürth na ubingwa ukaenda Köln. Hakuna anayeweza kutazama mwezi ule akasema aliona timu iliyoitawala ligi.

Lakini neno bahati linaeleza siku moja tu, halielezi miaka saba. Kwa wastani wa pointi 58 au 59, nikiweka hesabu za wengine kama zilivyokuwa, Hamburg ingepanda moja kwa moja 2019, ambapo Paderborn ilikuwa ya pili kwa pointi 57. Mwaka 2020 Stuttgart ilikuwa ya pili kwa 58. Kwa hiyo mlango ulilegea mara tatu katika miaka saba, na katika mara mbili za mwanzo Hamburg iliukosa kwa kipimo cha ukucha. Mwaka 2019 ilikosa nafasi ya pili kwa pointi moja. Mwaka 2020 ilikuwa kali zaidi. Siku ya mwisho Heidenheim, waliokuwa juu yao, walifungwa, kwa hiyo Hamburg walihitaji sare tu nyumbani dhidi ya Sandhausen ili waende kwenye mchujo. Wakafungwa 5-1. Anayekaa sehemu ambayo mlango hulegea mara tatu kati ya saba, akapita mara ya tatu, huyo hajabahatika. Kwa hesabu ya kawaida kabisa, amechelewa.

Upande wa pili wapo wanaosema kwamba kikubwa kimerudi mahali pake, kwamba timu ya ukubwa ule lazima iwe juu na ilikuwa suala la muda. Hoja hii naiona dhaifu kuliko zote, na inanishangaza jinsi inavyorudiwa na watu wanaoujua mpira. Kama ukubwa unapandisha timu, Schalke 04 isingemaliza ya 14 msimu huo huo kwa pointi 38. Hertha Berlin, timu ya jiji kuu, isingekuwa ya 11 kwa pointi 44. Kaiserslautern, bingwa wa Ujerumani mara nne, ilishuka mpaka daraja la tatu mwaka 2018 na kukaa huko misimu minne. 1860 München ilipoteza mchujo wa kutoshuka mwaka 2017, ikashindwa kupata leseni ya daraja la tatu na kutupwa mpaka la nne. Wakati huo huo Heidenheim, mji wa watu takriban 50,000, ulipanda ukiwa na kocha yule yule, Frank Schmidt, aliyekuwa pale tangu 2007. Elversberg ni kijiji cha mkoa wa Saarland ambacho mpaka 2022 timu yake ilikuwa daraja la nne, na mwaka 2025 kilikosa Bundesliga katika dakika za nyongeza za mechi ya mwisho ya mchujo. Daraja la pili la Ujerumani limejaa majina makubwa yaliyosahau kwamba jina halichezi.

Tena ukubwa ndio uliowaumiza Hamburg kwa miaka mingi. Timu inapoamini kwamba mahali pake ni juu, kila sare inakuwa kashfa na kila kashfa inadai kichwa cha mtu. Kocha Christian Titz alitimuliwa Oktoba 2018, miezi michache tu baada ya kushuka. Akaja Hannes Wolf, akaondoka mwisho wa msimu. Akaja Dieter Hecking, msimu mmoja. Akaja Daniel Thioune, akaondolewa zikiwa zimebaki mechi chache, na gwiji wa klabu Horst Hrubesch akaombwa amalizie. Tim Walter ndiye aliyepewa muda mrefu zaidi, misimu miwili na nusu, na si ajabu kwamba katika misimu yake miwili kamili ndipo timu ilipopata pointi 60 na 66. Ilikuwa timu ya kutisha mbele na ya kutia hofu nyuma, lakini angalau ilijulikana inataka kucheza nini. Naye kibarua chake kikaota nyasi Februari 2024, Steffen Baumgart akaingia.

Mchujo nao ulitoa funzo ambalo nadhani halijazungumzwa vya kutosha. Wakati Hamburg ingali Bundesliga, iliokolewa na mchujo huo mara mbili. Mwaka 2014 ilitoka sare mbili na Greuther Fürth, 0-0 na 1-1, ikabaki kwa bao la ugenini. Mwaka 2015 ilikuwa imebakiza pumzi moja dhidi ya Karlsruhe mpaka Marcelo Díaz alipopiga mpira wa adhabu wavuni katika dakika za nyongeza, kisha wakashinda katika muda wa ziada. Utaratibu unaomlinda aliye juu uliwalinda. Waliposhuka, utaratibu ule ule ukawageukia. Mwaka 2022 waliifunga Hertha 1-0 Berlin, kisha wakafungwa 2-0 nyumbani na timu iliyofundishwa na Felix Magath, mtu yule yule aliyefunga bao lililowapa Hamburg kombe la Ulaya dhidi ya Juventus kule Athens mwaka 1983. Mwaka 2023 Stuttgart iliwafunga 3-0 na 3-1. Kabla ya hapo, siku ya mwisho ya ligi, waliifunga Sandhausen 1-0, mashabiki wakaingia uwanjani na mtangazaji wa uwanja akawapongeza kwa kupanda daraja. Lakini mechi ya wapinzani wao Heidenheim kule Regensburg ilikuwa bado inaendelea. Heidenheim, waliokuwa nyuma 2-1, walisawazisha kwa penalti dakika ya 90+3, na Tim Kleindienst akafunga la tatu dakika ya 90+9. Nimeitazama video ya uwanja wa Sandhausen ya siku hiyo mara nyingi. Watu wazima wamekaa kwenye nyasi, simu mikononi, hawasemi kitu.

Basi kama pointi hazikubadilika, ni nini kilichobadilika msimu wa 2024/25? Hapa kuna jambo ambalo hesabu ya jumla inalificha. Msimu ule ulikuwa na vipande viwili. Baumgart alikusanya pointi 20 katika mechi 13, na siku moja baada ya kuongoza 2-0 dhidi ya Schalke na kuambulia sare ya 2-2, akaondolewa. Timu ilikuwa ya nane. Mechi 21 zilizobaki zilisimamiwa na Merlin Polzin, na humo zilipatikana pointi 39. Ukiupeleka mwendo huo wa Polzin kwa mechi 34, unafika pointi 63. Hizo zingetosha kupanda 2019 na 2020, zingelingana na Werder Bremen waliopanda wa pili 2022, na bado zisingetosha 2021, 2023 wala 2024. Kwa hiyo hata kipande kizuri cha msimu hakikuwa cha maajabu. Kilikuwa kizuri vya kutosha, na kilikuwa cha utulivu.

Wapo watakaosema hapo hapo nimejipinga, kwamba kumbe kufukuza kocha ndiko kulikoipandisha timu. Nadhani hapa panahitaji uangalifu. Hamburg ilikuwa imefukuza makocha karibu kila msimu, na, ukimwacha Hrubesch aliyemalizia msimu tu, kila mara ilikwenda kumtafuta mwingine nje, mwenye jina, mwenye falsafa yake, ambaye alianza kubomoa alichokikuta. Polzin hakuletwa. Alikuwepo. Amezaliwa Hamburg mwaka 1990, aliingia benchi la ufundi mwaka 2020 pamoja na Thioune, na akabaki kama msaidizi huku mabosi wake wakija na kuondoka. Alipokabidhiwa timu kwa muda, ilishinda 3-1 Karlsruhe, ikatoka sare mbili, kisha ikaifunga Fürth 5-0, na kabla ya Krismasi uongozi wa michezo chini ya Stefan Kuntz ukamthibitisha. Mtu wa miaka 34 ambaye hajawahi kuwa kocha mkuu popote. Kwa klabu iliyozoea kununua majina, uamuzi huo ulikuwa mgeni kabisa. Na Aprili timu ilipoyumba, ilipofungwa na Braunschweig na Karlsruhe nyumbani kwake, safari hii hawakumgusa. Wiki iliyofuata wakashinda 4-0 Darmstadt. Mei 10 Ulm walitangulia kufunga pale Volksparkstadion, uwanja wa Hamburg, Ludovit Reis akasawazisha dakika chache baadaye, na mechi ikaisha 6-1. Uwanja ukafurika watu, wengine wakaumia katika msukumano ule, jambo lililotia doa furaha ya usiku huo.

Sitaki pia kumsahau Davie Selke, maana ndiye aliyebeba uzito wa mabao. Alifunga 22 na kuwa mfungaji bora wa ligi, sehemu ya msimu akicheza na barakoa usoni baada ya kuvunjika mfupa wa shavu. Robert Glatzel, mshambuliaji waliyemtegemea kwa miaka mitatu, alikuwa nje kwa majeraha kwa sehemu kubwa ya msimu. Katika Hamburg ya zamani pengo hilo lingekuwa sababu ya kusambaratika. Safari hii lilizibwa na mchezaji ambaye wengi walimwona amepita wakati wake.

Lipo jambo lingine linalosahauliwa kwa sababu halionekani kwenye msimamo wa ligi. Miaka yote ile saba, kabla na baada ya zile mechi za janga la korona zilizochezwa bila watu, uwanja uliendelea kujaa. Katika misimu ya mwisho wastani ulikuwa zaidi ya watu 50,000 kwa mechi za daraja la pili, idadi ambayo timu nyingi za daraja la kwanza barani Ulaya haziioni. Nimesema ukubwa haupandishi timu, na nasimamia hapo. Lakini uaminifu wa watu hawa ndio uliozuia kuanguka. Timu inayokosa kupanda mara sita mfululizo kwa kawaida inauza wachezaji wake, inapoteza wadhamini, inapungua kidogo kidogo hadi siku moja inajikuta inapigania kutokwenda la tatu. Hamburg haikushuka chini ya nafasi ya nne hata msimu mmoja. Haya ni mafanikio, hata kama hakuna kombe linalotolewa kwa ajili yake, na naumia kuona yanaandikwa kama historia ya aibu.

Kama nimeuelewa msimu ule sawasawa, basi yapo yanayofuata. La kwanza ni kwamba timu iliyopanda ni timu ya pointi 59. Kuitazama kama jitu lililoamka ni kuiwekea mtego, kwa sababu mashabiki na wakubwa wa klabu wakiamini hivyo, vipigo vitano vya kwanza vitaonekana kama usaliti wakati kwa timu iliyopanda ni mambo ya kawaida. Selke ameshaondoka kwenda Uturuki, Reis amekwenda Club Brugge. Kikosi kilikuwa kinajengwa upya huku ligi ya 2025/26 ikianza.

La pili ndilo linalomhusu Poulsen, na hapa namrudia mzee wangu wa kijiweni. Poulsen alijiunga na Leipzig mwaka 2013 ikiwa daraja la tatu. Alicheza nayo la tatu, akacheza nayo la pili kwa misimu miwili mpaka 2016, akapanda nayo Bundesliga, akacheza Ligi ya Mabingwa na kubeba Kombe la Ujerumani mara mbili, 2022 na 2023. Amecheza zaidi ya mechi 400 kwa klabu moja. Ni wachezaji wachache mno katika ligi hiyo wanaoijua njia nzima, ngazi kwa ngazi, kwa miguu yao wenyewe. Alihamia akiwa na miaka 31, mwili umeshachoka kidogo na mabao hayatakuwa mengi. Lakini nikiiona Hamburg kama timu ambayo nguvu yake ni kukaa mahali bila kutetereka, sioni nahodha mwingine anayeifaa zaidi. Wanaosema ameshuka wanatazama jina la ligi iliyotajwa kwenye habari za msimu uliotangulia.

Nitakachokitazama mimi msimu huu wa 2025/26 ni Novemba na Desemba, miezi ambayo kibarua cha kocha huwa hatarini pale Hamburg. Timu itakuwa labda ya 15, labda ya 16, kwenye nafasi ya mchujo ule uliowahi kuwaokoa mara mbili na kuwaumiza mara mbili. Magazeti ya mji yataanza kutaja majina ya makocha wenye wasifu mrefu. Polzin atakuwa amekaa chumba kile kile alichokaa kama msaidizi, na watu wa bodi watalazimika kuamua kama walichokifanya Aprili kilikuwa imani au ilikuwa tu kwamba hawakupata mtu mwingine kwa wakati.